Mfalme wa homurani ni nani: Ruth, Aaron, Bonds au yule Mjapani?

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Najua jamvi hili ni la Simba na Yanga, na atakayeleta besiboli atatafutwa kwa tochi. Nitafuteni tu. Nina miaka kumi na moja hapa Atlanta, napakia mizigo ghalani usiku, na kazini kuna wazee wawili, mmoja mzaliwa wa Alabama na mwenzake wa California, ambao hawajawahi kumaliza chakula bila kugombana juu ya jambo moja: nani bingwa wa homurani. Mwanzoni nilikuwa nawacheka. Siku hizi tunagombana watatu.

Kwa idadi tupu hakuna cha kubishana. Barry Bonds 762. Hank Aaron 755. Babe Ruth 714. Albert Pujols wa Jamhuri ya Dominika 703. Wanafuata Alex Rodriguez 696, Willie Mays 660 na Ken Griffey mdogo 630. Kwa msimu mmoja ni Bonds tena, 73 mwaka 2001. Unafunga daftari, unalala.

Shida ni kwamba jedwali linakuambia nani alifika mbali, halikuambii nani alipita kwenye lami na nani kwenye tope. Kwa hiyo mimi nina kipimo changu: mpime mtu kwa wenzake wa mwaka ule ule, kwenye viwanja vile vile, kwa mpira ule ule. Ukipima hivyo, Ruth anawaacha wote kwa mbali mno.

Kabla ya Ruth, homurani ilikuwa kama goli la kipa. Ipo, lakini huendi uwanjani kuingoja. Kulikuwa na jamaa anaitwa Frank Baker, wakambandika jina la "Homurani" Baker kwa sifa, na msimu wake mkubwa kuliko yote alipiga 12. Mpira mmoja ulichezewa mpaka ukawa mweusi kwa tope na mate ya tumbaku, umelegea kama chungwa lililokamuliwa. Hapo anatokea Ruth, akiwa bado ni mrushaji wa Boston, na mwaka 1919 anapiga 29. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa 27, ya Ned Williamson, tangu 1884. Boston wakamuuza New York kwa dola 100,000. Mwaka 1920 akapiga 54.

Someni hiyo 54 polepole. Aliyemfuata katika ligi yake (besiboli kuu ya Marekani ina ligi mbili), George Sisler, alipiga 19. Na kati ya klabu nyingine saba za ligi ile, hakuna hata moja ambayo wachezaji wake wote kwa pamoja walifikisha 54. Mtu mmoja dhidi ya klabu nzima, na klabu inashindwa. Mwaka 1927 alipopiga 60 ikawa vile vile, hakuna klabu nyingine ya ligi yake iliyomfikia.

Ligi ile ya 1920 ilikuwa na homurani 369 kwa jumla. Zake 54 ni kama 15 katika kila 100. Leo ligi hiyo hiyo hupiga zaidi ya 2,000 kwa msimu. Ili mtu afanye alichofanya Ruth, apige karibu 300. Nawasilisha. Mwenye kubisha aje na hesabu.

Chuma cha Pua

Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo, soda ninayo. Endeleeni.

Mgeni Jamvini

Mkuu, kabla hujatuzamisha, hiyo homurani ni mnyama gani? Mimi besiboli naijua ya kwenye sinema tu, jamaa kashika gongo anatafuna kitu mdomoni.

Zamu ya Usiku

@Mgeni Jamvini swali zuri, mkuu. Na hilo gongo ni la kupigia, usije ukaniletea polisi wa Manzese.

Umewahi kuona kriketi, Wahindi wakicheza pale Upanga? Mpira ukivuka kamba bila kugusa chini ni sita. Homurani ni binamu yake. Mrushaji yuko mita 18 na kidogo, anakurushia mpira kwa kilomita 150 kwa saa, na anaupinda akitaka. Wewe unaupiga uvuke uzio ulio mita 100 pembeni, 120 na ushee katikati. Ukivuka, unazunguka besi zote nne kwa mwendo wa bwana harusi, na yeyote wa kwenu aliyekuwa amesimama kwenye besi anaingia nyumbani pia. Kuna kitu kingine utakisikia sana humu: besi ya bure. Mrushaji akikutupia mipira minne mibovu usiyoipiga, unatembea hadi besi ya kwanza bila jasho. Wakimwogopa mtu, wanampa hiyo kwa makusudi ili asipige. Ikumbuke, itarudi.

Bibi Takwimu

@Zamu ya Usiku umeomba hesabu, chukua. Hiyo ya karibu 300 umechemka, kaka.

Mwaka 1920 ligi ile ilikuwa na klabu 8. Sasa zina 15. Huwezi kumdai mtu mmoja asilimia ile ile ya ligi iliyokaribia kuzaa mara mbili. Gawa kwa klabu. Homurani 369 kwa klabu 8 ni kama 46 kila klabu. Ruth alipiga 54, yaani klabu moja na kipande. Sasa nenda 2022: ligi zote mbili zilipiga 5,215 kwa klabu 30, wastani 174. Klabu moja na kipande kile kile ni kama 200.

Bado ni wazimu, sikatai. Ila 200 na 300 si kitu kimoja, na mtu akianza kwa kuongeza chumvi kwenye hoja yenye ladha tayari, mimi huanza kumtilia shaka na mengine.

Na hiyo 1920 ina mambo. Mwaka ule ndipo walipopiga marufuku kupaka mpira mate. Agosti, Ray Chapman wa Cleveland akapigwa kichwani na mpira, akafariki kesho yake, na baada ya hapo waamuzi wakawa wanatoa mpira mpya kila ukichafuka. Mpira mweupe unaonekana, mpira mkavu unaruka. Ruth alikuwa fundi, lakini pia alifika sokoni siku bei ilipopanda.

Zamu ya Usiku

Bibie nakubali, 200. Nafuta 300. Ila ile 29 ya 1919 ilikuwa kwa mpira mchafu, na bado alikuwa akirusha. Bei ilikuwa haijapanda.

Ghuba ya Oakland

Mimi niko upande wa pili wa nchi hii, na nimewahi kumwona Bonds kwa macho yangu, siti za juu kabisa, upepo wa bahari unakukata masikio. Mnazungumzia Ruth kama mtu aliyeogopwa. Hebu niwaambie kuogopwa ni nini.

Mei 28, 1998. Arizona wanaongoza 8 kwa 6, raundi ya mwisho, wawili wameshatolewa, abaki mmoja mechi iishe. Besi zote tatu zina watu wa San Francisco. Anakuja Bonds. Kocha wa Arizona, Buck Showalter, anaamuru apewe besi ya bure. Besi zimejaa! Maana yake mtu mmoja anasukumwa nyumbani, umewapa wapinzani pointi kwa mkono wako, 8 kwa 7. Alikubali kutoa pointi kuliko kumwachia yule mtu ashike gongo. Na alikuwa sahihi, maana aliyefuata alitolewa na Arizona wakashinda.

Mwaka 2004 Bonds alipewa besi za bure 232, na 120 kati ya hizo ni za makusudi kabisa, hakuna aliyejificha. Alifika besi katika zamu 61 kwa kila 100. Akiwa na miaka 40! Na kwa zamu 373 tu alizoachiwa apige, akavusha 45. Mtu huyu alinyimwa mpira mwaka mzima na bado alikula.

Na uwanja wenyewe. San Francisco, upande wa kulia anakopigia mtu wa kushoto kama yeye, uzio unakwenda ndani mpaka mita 128, hewa ya baharini nzito kama uji. Ile 73 ya 2001, nusu ya msimu aliicheza pale. Ruth alipopiga 54 na 59 alikuwa mpangaji katika uwanja wa Polo Grounds, ambako mstari wa kulia ulikuwa mita 78 na ushee. Mita 78! Hapo hata mimi nikila vizuri.

Chuma cha Pua

@Ghuba ya Oakland hadithi tamu, lakini kuna tembo sebuleni na wewe unapanga vikombe. Dawa za kuongeza nguvu je?

Ghuba ya Oakland

Nilikuwa nakuja huko. Ligi haikuwahi kumfungia Bonds kwa dawa hata siku moja. Kesi aliyopelekwa ilikuwa ya kudaiwa kudanganya na kuzuia haki, akatiwa hatiani 2011 kwa kosa moja, na 2015 rufani ikaifuta. Ligi yenyewe ilianza kupima kwa adhabu mwaka 2004. Kabla ya hapo ilikuwa imefumba macho, kwa sababu mgomo wa 1994 ulifuta fainali, mashabiki wakasusa, na homurani za 1998 za wapigaji Mark McGwire na Sammy Sosa ndizo zilizowarudisha viwanjani. Walikula mahari, sasa wanamkana bibi harusi.

Na Bonds kabla ya mwili kuvimba alikuwa nani? Mchezaji Bora wa ligi mara tatu, 1990, 1992, 1993. Agosti 1998 alikuwa wa kwanza katika historia kuwa na homurani 400 na besi 400 za kuiba, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mwenzake kupiga mpira. Huyo tayari ni wa Jumba la Mashujaa kule Cooperstown. Lakini waandishi walimpigia kura miaka kumi, wa mwisho 2022, akapata asilimia 66. Inatakiwa 75.

Kisoda

Nimesoma kimya mpaka hapa, na jina langu humu mnalo, sasa nitawaambia nililitoa wapi.

Hank Aaron alizaliwa Mobile, Alabama, 1934. Familia masikini, mpira wa dukani hakuna. Alijifunza kupiga kwa visoda vya chupa na mpini wa fagio. Kisoda hakiendi moja kwa moja, kinayumba, kinazama. Aliyeweza kukipiga kile, mpira wa kupinda ni mswaki. Na alishika gongo kwa mikono iliyopishana, wa kushoto juu, mpaka alipofika kwenye ligi ya weusi, klabu ya Indianapolis Clowns, 1952, wakamrekebisha. Sisi tuliocheza kwa mpira wa makaratasi tunaijua hiyo shule.

Najua mtasema Aaron hakuwahi kutisha. Kweli, msimu wake mkubwa ni 47, hakuwahi kugusa 50. Lakini alipiga 30 au zaidi katika misimu 15. Ruth ni gharika. Aaron ni mto Rufiji, kila mwaka unapita.

Sasa tarakimu moja tu, halafu nanyamaza. Alipata mapigo safi, yaani ya kumfikisha kwenye besi, 3,771 maishani mwake. Ondoeni homurani zote 755, zichomeni moto, tuseme hazikuwahi kutokea. Anabaki na 3,016. Huko Marekani mtu akifikisha 3,000 anafungiwa barabara. Aaron bila homurani hata moja bado yumo.

Na mazingira. Alimaliza 1973 akiwa na 713, moja nyuma ya Ruth, akalazimika kusubiri majira yote ya baridi. Barua zikamwagika, karibu 930,000 mwaka ule. Nyingi za pongezi, lakini nyingine zilikuwa za kumtisha kifo kwa sababu mtu mweusi alikuwa anaisogelea namba ya mzungu. Alitembea na mlinzi. Binti yake akiwa chuoni naye akatishiwa. Aprili 4, 1974, Cincinnati, 714. Aprili 8, hapo hapo Atlanta alipo mwanzisha uzi, mrushaji Al Downing wa Los Angeles, naye kavaa jezi namba 44 kama Aaron, akatupa, na 715 ikavuka. Vijana wawili wazungu wakaruka uzio wakamkimbilia kati ya besi. Hebu jiwekeni kwenye viatu vyake kwa sekunde tatu zile, na barua zile kichwani. Walikuja kumpigapiga mgongoni tu.

Ruth alipopiga nani alimwandikia hivyo?

Zamu ya Usiku

@Kisoda hapo sina jibu. Ule uwanja waliuvunja zamani, lakini kipande cha uzio ambapo 715 ilivukia wamekiacha, kimesimama katikati ya maegesho ya magari. Unapaki, unafunga gari, unatazama kaukuta ka buluu. Mara ya kwanza nilidhani ni tangazo.

Ila kwa haki ya mjadala: uwanja ule waliuita "pedi ya kurushia roketi". Uko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, enzi hizo ndio uliokuwa juu kuliko vyote katika ligi. Aaron alihamia pale 1966 akiwa na miaka 32, na ile 47 aliipiga pale akiwa na 37. Hewa ilimsaidia mzee.

Msafiri wa Eldoret

Sasa mmefika kwangu. Mita 300 ni kilima cha kuchezea watoto, nyinyi. Denver iko karibu 1,600. Sisi huku tuko 2,100 na tunajua hewa nyepesi inafanya nini kwa mapafu. Kwa mpira ni vivyo hivyo upande wa pili: hewa chache, kizuizi kidogo, mpira unasafiri zaidi, na hata ule wa kupinda haupindi vizuri kwa kuwa hauna hewa ya kushikia. Klabu ya Denver ilipoanza kucheza pale ilikuwa ni sherehe ya homurani, mpaka 2002 wakaamua kuhifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuruka kama jiwe. Wakati mwingine sayansi ni kabati tu.

Kwa hiyo huyo ndugu wa Oakland ana hoja. 73 kutoka usawa wa bahari ni mbio za marathoni na begi mgongoni. Swali ni kwenye begi kulikuwa na nini, hahaha.

Upanga 44

Habari za jioni wakubwa wangu. Mimi ni mdogo humu lakini besiboli nimeicheza, si ya runinga. Pale Azania sekondari kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na walionifundisha kushika gongo ni walimu waliofundishwa nao. Kwa hiyo nimewasoma hadi huku chini nikishangaa: kichwa cha uzi kina Mjapani, ndani hayumo.

Sadaharu Oh. Homurani 868. Yomiuri Giants, 1959 mpaka 1980. Aliongoza ligi yake kwa homurani misimu 15, na 13 kati ya hiyo ni mfululizo. Alikuwa anasimama kwa mguu mmoja, ule wa kulia ameukunja hewani kama korongo, anangoja. Kocha wake Hiroshi Arakawa alimfanyisha mazoezi kwa upanga wa kisamurai, akate karatasi inayoning'inia. Tulijaribu kusimama vile Azania, nusu ya timu ilianguka.

Ghuba ya Oakland

@Upanga 44 karibu mdogo wetu. Viwanja vya Japani vya enzi zile vilikuwa vidogo na warushaji hawakuwa wa kiwango cha huku. Ni kama kumlinganisha mfungaji wa ligi yetu na wa Uingereza kwa idadi ya magoli.

Upanga 44

Shikamoo kaka. Naelewa viwanja vilikuwa vidogo. Lakini na misimu ilikuwa mifupi, mechi 130 mpaka 140, huko kwenu 162. Na kuna siku moja walikutanishwa: Novemba 2, 1974, Tokyo, Aaron na Oh, mashindano ya kuvusha uzio. Aaron 10, Oh 9. Kiwango cha chini kinapoteza kwa moja?

Ila sitaficha doa. Msimu mkubwa wa Oh ulikuwa 55, mwaka 1964. Mwaka 1985 Mmarekani Randy Bass alifika 54, mechi ya mwisho ikawa dhidi ya Giants, kocha wao ni Oh mwenyewe. Wakampa besi za bure mfululizo. Mwaka 2001 Tuffy Rhodes alifika 55, 2002 Alex Cabrera naye 55, na wote wawili walipokutana na klabu aliyokuwa akiifundisha Oh wakati huo hawakupewa cha kupiga. Oh alisema hakuamuru. Rekodi ikaja kuvunjwa 2013 na Wladimir Balentien, 60. Mimi namheshimu sana Oh, lakini kila nikiikumbuka ile 55 naona na mikono ya watu wengine ikiizuia isianguke.

Chuma cha Pua

Huyu dogo apewe maua yake. Ameleta bingwa wake na aibu yake kwenye sahani moja. Wakubwa mjifunze.

Mimi nina kioja tu. Sammy Sosa ndiye pekee aliyewahi kupiga 60 au zaidi katika misimu mitatu: 66, 63 na 64. Na katika misimu yote mitatu hiyo hakuongoza ligi! 1998 McGwire 70, 1999 McGwire 65, 2001 Bonds 73. Miaka aliyoongoza alipiga 50 na 49. Mtu anavunja mlango, anakuta mwenzake ameshaondoa ukuta. Ndio maana miaka ile namba zake siziamini hata kwa kiapo. McGwire mwenyewe alikiri 2010 kwamba alitumia.

Bibi Takwimu

Kwa hiyo wengine tunarudi kwa Aaron Judge: 62, mwaka 2022, na vipimo vya dawa vipo. Wa pili katika ligi yake alikuwa Mike Trout, 40. Pengo la 22. @Zamu ya Usiku, kwa kipimo chako mwenyewe cha "wenzake wa mwaka ule", Judge ni mtu mkubwa sana. Roger Maris alipopiga 61 mwaka 1961, mwenzake wa klabu moja Mickey Mantle alikuwa na 54.

Zamu kwa homurani, kwa wanaopenda: McGwire moja kila zamu 10.6, Ruth 11.8, Bonds 12.9, Aaron 16.4. Naiweka hapa bila maoni, maana najua mtaigombania kama mchele wa msaada.

Binti Mvita

Hamjambo ndugu zangu. Nimewasoma kuanzia juu na kuna jambo lanikereketa.

Mwanzisha uzi wasema tumpime mtu kwa wenzake. Haya. Wenzake Ruth ni akina nani? Alicheza kuanzia 1914 hadi 1935, na miaka yote hiyo hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kumrushia mpira katika ligi ile, wala kushindana naye kwa kupiga. Mwamsifu kuzishinda klabu saba, na klabu hizo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Nje ya mlango alikuwako Josh Gibson. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, wa klabu za weusi Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Kibao chake kule Cooperstown kimeandikwa karibu homurani 800, ukichanganya za ligi na za mechi za kuzunguka miji. Za ligi zenyewe zilizothibitishwa ni chache zaidi sana, kwa kuwa misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi na waliishi kwa kuzunguka. Mei 2024 ligi kuu ikazikubali takwimu za ligi za weusi, na kwa siku moja Gibson akampita Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza, kwa wastani wa kupiga: mapigo safi 372 kwa kila zamu 1,000. Alikuwa keshakufa miaka 77. Alifariki Januari 1947, ana miaka 35. Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua mlango ule, aliingia ligi kuu Aprili ya mwaka uo huo. Miezi mitatu!

Basi hicho kipimo chako, kaka, ni kizuri, lakini mizani yenyewe ilikuwa na jiwe chini ya sahani moja.

Zamu ya Usiku

@Binti Mvita nimeusoma ujumbe wako mapumziko ya saa nane usiku, nikampa simu yule mzee wa Alabama nikimtafsiria. Akasoma (mimi ndiye niliyesoma, yeye alitazama), akasema baba yake alimwona Gibson. Halafu hakusema kitu mpaka tumerudi kazini.

Umenivunjia kipimo. Nilisema "wenzake" kana kwamba neno hilo lina maana moja. Bado naamini 54 ya 1920 ni ajabu, Ruth asingegeuka mdogo kwa kurushiwa na mtu mweusi hodari. Lakini sijui angekuwa na ngapi, na nilikuwa naongea kama ninayejua. Aaron alipiga zake mlango ukiwa wazi, dhidi ya akina Gibson na Koufax, namaanisha Bob Gibson, mrushaji, si huyu. Hilo lina uzito ambao mwanzoni sikuupima.

Bonds simwondoi juu ya jedwali. 762 zipo, mipira ilivuka. Ule mpira wa 756 tajiri mmoja aliununua kwa dola 752,467, akapigisha watu kura mtandaoni, wakaamua uchorwe kinyota, alama ya shaka, ndipo upelekwe Cooperstown. Mpira umo ndani, aliyeupiga yuko nje. Na usiku ule wa Agosti 7, 2007, Aaron hakwenda uwanjani, lakini alirekodi salamu za pongezi zikaonyeshwa kwenye skrini kubwa. Mimi nisingeweza.

Msafiri wa Eldoret

Na Shohei Ohtani, yule Mjapani anayerusha na kupiga? Mbona mnaongea kama historia imekwisha? Oktoba 17, 2025, jamaa amerusha, kawatoa wapigaji 10, na yeye mwenyewe kapiga homurani tatu usiku huo huo. Ruth alikuwa na vipaji viwili, huyu anavitumia mechi moja.

Bibi Takwimu

Na mwaka huo huo Cal Raleigh wa Seattle, mdakaji, 60. Mdakaji! Anachuchumaa mechi nzima magoti yakilia, kisha anapiga kama Ruth wa 1927. Rekodi ya wadakaji kabla yake ilikuwa 48. Hamkumtaja hata mmoja.

Mgeni Jamvini

Wakuu nimefuata uzi wote, homurani sasa naielewa, usingizi sina. Swali langu ni la kijinga la mtu wa mpira wa miguu. Timu yenu iko nyuma kwa moja, raundi ya mwisho, mtu mmoja yuko kwenye besi, kuna nafasi ya mpigaji mmoja. Mnamtuma nani? Hapana takwimu, jina.

Kisoda

Inaniuma kusema. Bonds wa 2004.

Zamu ya Usiku

Bonds.

Ghuba ya Oakland

Nawashukuru, ila mmesahau. Hawatamrushia. Watampa besi ya bure.

Mgeni Jamvini

Basi nyuma yake mpangeni huyo Aaron.